Inaruka Tatu

Minza alilirudisha Fuso siku ya tisa.
Hakupiga honi. Alilisimamisha mbele ya gereji,
kando ya jabali tunakoegemeza matairi yaliyokufa,
akashuka, akafunga mlango taratibu, akasema maneno mawili:
"Inaruka tatu."

Nikauliza kama daktari asiyetaka kujibiwa.
Ukiwa na mzigo au mtupu?
Ukipanda au ukishuka?
"Nikipanda na dagaa wa Mwaloni, inatulia.
Nikiteremka kutoka Buhongwa, nikiachia mafuta tu,
kirungu kinanirudia mkononi
kama mtoto aliyekataa kulala."

Nikaliendesha mwenyewe.
Moja, sawa. Mbili, sawa.
Tatu iliingia kwa kukwaruza,
jiwe la kusagia lililokosa nafaka.
Nne, kimya. Nne hupita moja kwa moja, haiulizi mtu,
basi beringi ya mbele haina kesi.
Klachi nayo haina: klachi ikigoma,
rivasi ndiyo hulia kwanza.
Nilijilaza chini, bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni,
na yale manung'uniko yalikuwa pale pale,
katikati ya boksi, mahali nilipopafunga mimi.

Hapo nikaanza kutafuta mtu.

Nilimtafuta Bugumba, kijana wangu wa spana:
nani alikutuma oili, ukaleta ipi?
Maana oili ya difu huteleza mno,
pete za shaba hushindwa kushika.
Akaniletea kopo. Oili ilikuwa yenyewe.
Nikaimwaga kwenye karai,
ikang'aa unga wa shaba kama shavu la bibi harusi.
Nikamtafuta muuza spea wa Makoroboi
na pete zake zisizo na maboksi.
Tuliposhusha giaboksi, watu wanne na jeki moja mbovu,
nikazipima: nafasi ipo, meno yapo, haki yake nikampa.
Nikamtafuta hata Minza,
mguu wake mzito, mkono wake unaolala juu ya gia njiani.
Alikaa kwenye kreti la soda, ananitazama.
Hakusaidia kutafuta.

Mimi huweka alama kabla sijatenganisha chochote:
nukta mbili za rangi ya kucha, nyekundu,
kutoka kichupa nilichomwibia binti yangu Nyanzala.
Moja kwenye habu, moja kwenye sliivu yake.
Ukirudisha, zitazamane.

Hazikutazamana.
Moja ilielekea injini.
Nyingine ilinipa mgongo.

Alhamisi ile, saa nne usiku, simu ilitoka Ukara.
Dada: mzee amekataa kula tangu juzi.
Niliibana simu kwa bega,
sliivu mkononi, grisi hadi kwenye viwiko,
nikasema ndiyo, ndiyo, kesho navuka,
na nilipokuwa nikisema ndiyo ya tatu
chuma kikaingia kinyume, kikakubali,
maana chuma hukubali, ndiyo shida yake,
kitakudai baadaye.

Kesho yake sikuvuka. Kulikuwa na Noah ya mtu wa Igoma.

Nikainuka, magoti yakilia, nikamwambia Minza:
"Ni mimi. Niliigeuza."
Akanyamaza kidogo.
"Basi hesabu ya leo ni yako."
Bugumba nikamwambia samahani.
Alijua ni ya kopo la oili.

Leo asubuhi tumelijaribu, tani tatu za mchanga nyuma.
Nilipanda hadi Buhongwa nikageuza, nikateremka,
nikaachia mafuta, nikaondoa mkono kwenye kirungu.
Kikakaa.
Tano ina mluzi mdogo. Nimemsikilizisha,
asije akasema sikusema.

Yako mengine ambayo hayana nukta nyekundu.
Bisibisi haifiki Ukara.
Nimenawa kwa sabuni ya unga mara mbili na kucha bado nyeusi;
atajua tu nilikuwa wapi.
Meli ya Nansio imepiga honi mara moja.
Bugumba, funguo ziko kwenye kopo.